Biskuti za Kimea

Mama yangu uliye Ujiji,

Shikamoo. Salamu nyingine nitaziweka mwishoni, maana nikianza kukuulizia hali ya bibi, mama yako unayemuuguza, na shangazi, na yule mbuzi wenu mkorofi, karatasi itakwisha kabla sijakupa habari yenyewe. Mama, kesho nafundisha! Mimi huyu huyu! Darasa la akina mama la hapa Izia, mbele ya wanawake ambao wengine wao wamenibeba mgongoni. Mke wa Bwana Shauri, yule Mzungu wa bomani, alizionja biskuti zetu kwenye harusi ya jirani, akauliza zimeumuliwa na nini. Nikamwambia hazikuumuliwa na kitu. Hakuamini. Akala ya pili, akala ya tatu, kisha akasema, "Njoo uwafundishe wenzako."

Furaha imenizidi mpaka leo asubuhi nimetia chumvi kwenye chai ya baba, naye maskini akainywa yote. Lakini najua wataniuliza ni nani aliyezigundua biskuti hizi. Wewe kila mgeni unamwambia ni mimi, nilipokuwa na miaka tisa, nami kila mara nainamisha kichwa, watu wakadhani ni adabu. Haikuwa adabu, mama. Kabla sijasimama mbele za watu kesho, nataka wewe uujue ukweli.

Unakumbuka ulivyonikuta? Mama aliyenizaa alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, baba akakuoa, ukashuka kwenye lori na sanduku lako la bati huku unatetemeka kwa baridi ya Ufipa. Wenzangu wa chuo cha Kurani walishanitia maneno: mama wa kambo si mama. Nikaapa sitakuita mama. Sasa nikuiteje? Nikawa nakohoa. Nikitaka kitu nakohoa, ukigeuka ndipo naongea. Miezi mitatu nimekohoa, hata ukaninunulia asali.

Kisha ikaja habari kwamba bibi wa Mwimbi, mama wa marehemu mama yangu, anakuja. Hakuficha neno. Alimtuma mtu amwambie baba: "Nakuja kumtazama mjukuu wangu. Nikimkuta hatunzwi, naondoka naye." Baba kwa kujisifu akamjibu kwamba mke wake mpya anajua kuoka biskuti za Kizungu. Na dukani kwetu hakukuwa na magadi soda hata chembe! Lori lilikuwa limekwama kwenye matope huko njia ya Tunduma, wiki ya pili hiyo.

Nilikuona jikoni umekaa juu ya kinu, mikono mapajani. Uliogopa, mama. Kisha ukainuka ghafla ukafunga kanga kiunoni. "Tutazioka hivyo hivyo," ukasema. "Tutasaga sukari na samli mpaka ziwe nyeupe, mkono ndio magadi yetu." Ukasaga, mimi nimeshika bakuli, nawe ukihema. Ukavunja yai, ukatia tangawizi. Halafu ukasema ngano peke yake itatoka ngumu kama kigae, tuichanganye na unga wa ulezi ili biskuti zivunjike vizuri mdomoni. "Niletee kikombe kimoja cha ulezi."

Hapo ndipo penye dhambi yangu. Ghalani kulikuwa na vyungu viwili, mama. Kimoja kilikuwa cha unga wa ulezi. Kingine kilikuwa cha kimea, ulezi uliooteshwa, ukaanikwa, ukasagwa, ambao marehemu aliuweka kwa ajili ya togwa. Wewe mtu wa Ujiji usingeutambua kwa macho. Mimi nilikuwa najua kwamba majirani wanakitia hicho hicho kwenye pombe. Nikawaza: biskuti zitachacha, zitanuka pombe, baba ataaibika, bibi ataona huyu mwanamke hajui kitu, nami nitapanda lori kwenda Mwimbi kulala kwenye kitanda alicholalia mama yangu alipokuwa msichana. Nikachota kimea. Nikaja nacho, nikakohoa, ukageuka ukasema, "Ahsante, mwanangu."

Ukaviringa vidonge, ukavibana kwa uma. Sufuria yenye mchanga, bati juu, makaa chini, makaa juu ya bati. Mimi nimechutama nangoja harufu ya pombe. Ikaja harufu ya asali! Ulipofunua, zilikuwa za rangi ya kahawia, zinang'aa, zimepasuka juu kidogo. Ulipiga kigelegele peke yako jikoni. Nilikasirika nusura nilie. Kisha nikala tatu.

Bibi akafika na rozari yake shingoni, akanipapasa mbavu kama mtu anayenunua kuku, akakaa. Akauma biskuti. Akaacha kutafuna.

"Hiki ni kimea," akasema.

Baba alikuwa mlangoni na ya kwake mkononi. "Kimea cha pombe? Nyumbani kwangu?"

Bibi, kwa heshima ya mkwe, hakumtazama. Alikuambia wewe: "Mwambie mkwe wangu, togwa anayokunywa Mwimbi kila mwaka, akaomba na kibuyu cha kuondokea, inatiwa nini?" Baba akaitazama biskuti, akaimeza nzima.

Bibi akakugeukia. "Nani kakufundisha? Hii ni harufu ya nyumba yangu."

Mama, mpaka leo nikikumbuka, mwili unanisisimka. Ungeweza kusema hujui. Ungeweza kusema mtoto alikosea chungu. Ukanivuta mbele ya bibi, mikono yangu imejaa unga, ukasema kwa sauti ya furaha, "Huyu mwanangu. Ndiye aliyenichagulia unga."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, nami niliingia mzima mzima. Kusifiwa kwa uovu wangu kuliniuma kuliko fimbo. Na bibi akauliza, "Haya, mjukuu wangu, tunaondoka?"

Nikafungua mdomo. Sikukohoa. "Nabaki na mama."

Bibi akafunga biskuti mbili kwenye ncha ya kanga yake, akasema, "Baki. Lakini kimea nitaleta mimi, hiki ni cha zamani." Na alileta kila mavuno mpaka alipofariki. Jioni ile, tukiosha vyombo, ulinipiga bega ukaniuliza, "Kikohozi kimepona?" Nikacheka mpaka nikaangusha bakuli.

Basi, ndiyo hivyo. Nilitaka ushindwe, nawe ukanifanya shujaa. Kesho nitawaambia wanawake wa Izia yote, kimea na wivu wangu, na nitawaambia aliyegundua biskuti hizi ni mwanamke aliyesaga samli kwa mkono akiwa na hofu. Nisamehe. Na kama ulijua siku zote, usinijibu kwa barua. Ngoja urudi, nataka nikuone unavyocheka.

Dereva wa lori atakayekuletea barua hii anapiga honi. Nimekufungia biskuti kumi na mbili, bibi ampe mbuzi moja tu. Pona haraka, bibi, utuachie mama arudi.

Mimi mwanao,
niliyepona kikohozi.