Suruali Iliyomkimbiza Mkwe

Kariobangi, Nairobi

Kaka yangu Wafula,

Habari za huko nyumbani? Mvua imewafikia? Mama anaendeleaje, anakula, au bado anakataa uji usio na sukari? Mimi ni mzima, cherehani inanilisha. Lakini nina hasira nawe, na nimeamua kuiandika kwa sababu kila tukiongea kwa simu unasema yako na kukata kabla sijafungua mdomo. Karatasi hutaikata.

Umesema nimemvulia mkwe nguo. Nimemvulia nani nguo, Wafula? Nilikuwa na suruali ya mazoezi, fulana ya mikono mirefu na leso kiunoni juu yake. Sisi wanawake wa makamo wa mtaa huu hukutana asubuhi kabla ya kazi, kwenye uwanja ulio nyuma ya kanisa. Anayetufundisha ni Mama Zuhura, muuguzi mstaafu kutoka Majengo, na hijabu yake na raba zake. Tunachuchumaa na kuinuka bila kushika kitu, tunanyanyua chupa zilizojazwa mchanga. Siku hiyo tulikuwa tumeinama, migongo imeelekea njiani, na mkwe wetu, huyo mume wa binti yangu Nekesa, akawa anakatiza kwenda kazini Buruburu. Aliponitambua alijifunika uso kwa koti, akageuka, akatimua mbio. Jirani yangu akasema, "Mama Nekesa, si yule ni mkwe wako? Kumbe naye amekuja mazoezi." Wenzangu walicheka mpaka wakaketi chini. Mimi sikucheka. Mila naijua, na nilijua simu yako iko njiani.

Ikaja kweli. Eti niache mazoezi kabisa, nilete kuku wa kuondoa aibu, la sivyo nisikanyage boma. Mtu mzima nimekaribia hamsini, nafukuzwa kwetu kwa sababu nimeinama. Na huyo mkwe mwenye aibu nyingi, Nekesa alipojifungua na mifereji ya ploti yao ikakauka, nani alimpandishia maji hadi ghorofa ya nne? Ni mimi mama yake. Nilikuwa nikiyaacha mlangoni, maana mila hainiruhusu kuingia kwa mkwe. Nikishuka zile ngazi nimejishika kiuno, sikuona mtu akijifunika koti.

Kuku nitaleta. Mila siidharau, tulilelewa nayo wote wawili. Na mazoezi tumeshayahamishia upande wa pili wa ukuta, mahali asipopita. Lakini kuacha, siachi. Na wewe kuliko mtu yeyote unajua kwa nini.

Au umeisahau siku Mama alipoteleza bafuni? Wifi na majirani wote wa kike walikuwa matangani. Mama amelala kwenye saruji, hana nguo, anatetemeka. Ulikuja mbio, ukasimama nje umegeukia ukuta, kwa sababu mtoto wa kiume haoni uchi wa mama yake. Sikukulaumu, wala leo sikulaumu. Ukawa unaniambia, "Mwinue, Nasimiyu. Mwinue basi." Nikachuchumaa, nikamshika kwapani, nikavuta. Magoti yakakataa, nikaanguka kando yake. Mama mwenyewe akasema, "Acha, mwanangu, utaumia. Tungoje." Tukangoja kwenye maji yale baridi, nimemfunika leso yangu, mpaka wanawake waliporudi. Wewe mila ilikuzuia. Mimi nilizuiwa na magoti yangu, na Mama ni mwepesi siku hizi, hana uzito wa debe la mahindi.

Niliporudi Nairobi nilimweleza Mama Zuhura. Akaniambia mwanamke akifika umri wetu, misuli na mifupa hupungua kimyakimya asipoitumikisha, na mimi nashona nimeketi kutwa nzima. Wakati huo sikuweza kuinuka kwenye kigoda bila kushika meza. Ndivyo Mama alivyoanza, unakumbuka, nasi tukasema ni uzee tu. Sasa nainuka mikono mitupu. Na siku ile mkwe aliponiona, hatukuwa tunacheza. Mwenzetu mmoja alikuwa amelala kwenye nyasi, mbele yangu, koti halikumwacha mkwe amwone. Nilikuwa najifunza kumwinua mtu mzima kutoka chini.

Nimemwinua, Wafula. Jaribio la kwanza tu, akasimama.

Nakuja Desemba. Kuku umchinje wewe mkubwa wa boma, useme maneno yote yanayopaswa kusemwa. Lakini Mama nitamwogesha mimi, na akiteleza hatangoja mtu arudi matangani.

Nisalimie wifi yangu, mwambie kitambaa chake cha kitenge nimeshakikata. Msalimie shangazi wa ng'ambo ya mto na yule binamu yetu fundi baiskeli. Mkwe akipiga simu tena, mpe salamu zangu, mwambie maji yakikosekana bado nitapanda.

Na barua hii msomee Mama, yote, usiruke mahali. Pale bafuni ukifika, mwambie ulikuwa unalia kule nje. Mimi nilikusikia. Yeye hajui.

Dada yako,
Nasimiyu