Vipimajoto vya Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Leo saa tatu na dakika kumi asubuhi nimenyang'anywa funguo za mitambo ya viyoyozi. Miaka kumi na moja nimeupooza mjengo ule, tangu nilipokuwa nambebea fundi mwingine ngazi! Kisa ghorofa ya tatu: wachora ramani wanaganda, chumba cha mikutano jirani yao ni tanuri. Meneja wa mjengo anasema niliharibu mimi nilipovifanyia huduma tarehe 12 Februari. Meneja huyo ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Ijumaa saa nne mwenye mjengo anasaini mkataba wa fundi mpya.

Jumanne, 4 Machi
Mume wangu anasema nitulie, hasira za nduguye hupita. Zipite na funguo zangu?
Dada wa mapokezi kapiga simu. Wachoraji nyuzi 17, mikutano 29. Na kila wachoraji wakiongeza joto kwenye kile kipimajoto cha ukutani kinachoongoza kiyoyozi, wanazidi kuganda. Malalamiko yalianza tarehe 24. Siku kumi na mbili baada yangu! Nikamuuliza nani aliingia katikati. Wapaka rangi, tarehe 22.

Jumatano, 5 Machi
Nimesaini daftari la wageni—mimi! Chupa ya maji moto mkobani. Nikaiegemeza kwenye kipimajoto cha wachoraji. Dakika nne, kwao hakuna kilichobadilika. Dada akaja mbio kutoka chumba cha mikutano: kule baridi imeanza kumwagika.
Basi. Havina waya vile, kila kimoja huongea na kiyoyozi chake. Vimerudishwa ukutani vimebadilishana vyumba. Kuvirejesha ni kazi ya dakika mbili. Sijavigusa. Nikivigusa, kesho nitaambiwa nimefukia kosa langu. Wachoraji wanisamehe, wavae makoti.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempata msimamizi wa wapaka rangi. Wao walivibandua tu. Kuvirudisha, anasema, meneja alipanda ngazi mwenyewe na bisibisi. Akamwambia, "Kwa hili tu nimwite shemeji, aje kunifundisha kazi?"
Nikamwandikia meneja huyo: ni wewe uliyevirudisha?
Akajibu: "Shem, mambo ya familia hayo. Tutaongea Jumapili kwa mama."
Jumapili! Wakati kalamu inatembea Ijumaa.
Nimemjibu: "Si la familia, ni la ghorofa ya tatu. Ni wewe au si wewe? Neno moja. Kesho, kabla ya saa tatu na nusu, nimwonyeshe mwenye mjengo kabla hajasaini."