Hukuwa Mlevi, Kaka Yohana

Kaka Yohana,

Shikamoo. Huku chini ya mlima, upande wa Mazinde, joto ni lile lile lililokuua. Naandika joto, maana mpaka leo wapo wanaosema pombe. Wewe, mzee wa kanisa, uliyekuwa ukikunja uso kwa harufu tu ya pombe ya miwa!

Ndugu Katibu wa kijiji ndiye aliyeanza. Siku ile alikuwa amekaa chini ya turubai na kofia yake pana, akituhimiza sisi tuliozoea baridi ya Malindi, kule juu milimani Lushoto, tulime shamba la kijiji bila kupumzika, eti wageni wa wilaya wanakuja. Yeye jembe alilishika akipigwa picha tu. Ulipoanza kuyumba, alicheka. Ulipoanguka, ngozi kavu, ya moto kama bati la juani, ukiniita mimi kwa jina la mama yetu, akasema, "Mlevi huyo. Mwacheni alale, pombe imtoke."

Nikakimbilia mapipa ya maji. Akanizuia. "Hayo ni ya wageni, dada." Siku zote alitaka tuitane ndugu, siku hiyo undugu ulikuwa umekwisha. Majirani zetu wa mlimani wakadhani ni homa, wakakufunika blanketi. Blanketi, kaka! Ukatetemeka, kisha ukanyamaza.

Wageni wenyewe hawakuja.

Nilienda Lushoto kusomea kazi ya zahanati kwa hasira, si kwa wito. Mwalimu alipofika kwenye somo la mtu aliyezidiwa na joto, kwamba mpeleke kivulini, mvue nguo, mmwagie maji, mpepee, usingoje, nilitoka nje nikalia. Maji na upepo tu! Niliporudi niliwafundisha wote, na tangu hapo hakuna aliyeanguka shambani akafunikwa blanketi.

Sasa sikiliza. Majuzi Ndugu Katibu alikuwa mkutanoni akihutubia juu ya uvivu, maana hana somo lingine. Mara maneno yakaanza kumtoka kama mtu mwenye ugali mdomoni. Upande mmoja wa uso ukashuka. Karatasi zikamponyoka. Mtu wa nyuma akasema, "Amelewa!" Watu wakacheka, na sikufichi, kicheko kile kilinipendeza.

Wengine wakaja mbio na ndoo za maji, kama nilivyowafundisha. Nikawazuia. Ngozi yake haikuwa na joto lolote. Angelitoa wapi, mtu asiyetoka kivulini? Nikamwambia, "Cheka." Nusu ya mdomo ikacheka. "Inua mikono yote miwili." Wa kulia ukabaki chini. Kiharusi. Mkewe alikuwa tayari anamsogezea chai mdomoni. Nikaimwaga, maana koo lililolegea huipeleka chai mapafuni. Tukamlaza ubavu, tukasimamisha lori la mkonge barabarani, tukampeleka hospitali.

Usidhani nilimhurumia. Nilimdharau njia nzima, hata nilipokuwa namfuta mate. Lakini mimi si yeye. Sikuweza kumwacha mtu chini halafu nikamtafutia jina baya.

Amepona nusu. Wakubwa aliokuwa akiwaogopa hawakuja hata kumpa pole. Wameleta katibu mwingine, basi. Anayekwenda kwake ni mimi, kila jioni, kumnyoosha mkono na kumfundisha kutamka upya. Ananyenyekea siku hizi. Unyenyekevu huo nao naudharau, maana umemjia pamoja na ugonjwa, haukumjia siku ile wewe ulipokuwa umelala kwenye matuta.

Tunaanza na majina. La mkewe analiweza. La mwanawe pia. Jana nikamwambia ataje jina la mtu aliyekufa shambani. Akajua ninamtaja nani. Akahangaika, "Yo... Yo...", jasho likamtoka, machozi yakamjaa. Mkewe akanitazama akinisihi.

Sikumsaidia.

Lala salama, kaka yangu. Nakuahidi nitaendelea kwenda, mvua inyeshe, jua liwake, mpaka ulimi wake ulibebe jina lako lote. Halafu nitamshika mkono ule niliounyoosha, nimsimamishe mbele ya kijiji, aseme kwamba hukuwa mlevi.

Mdogo wako,
Naemi