Elise Anakuja na Mstari Wake

Kolwezi, tarehe 11 Julai 1993

Mpendwa mdogo wangu Stéphanie,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na mumeo tata Mukendi na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Na maji ya huko Mwene-Ditu, mmeyazoea? Sisi tuko, tunashukuru. Baba anakohoa asubuhi, lakini jua likipanda anaanza kugombana na kuku, basi najua ni mzima. Mimi nimechoka tu. Si ugonjwa, ni uchovu ambao mtu analala nao na kuamka nao.

Barua hii anakuletea mwanao Elise mwenyewe. Najua umemwona kabla ya kuisoma, na umeshangaa, maana siku treni ya waliofukuzwa ilipowachukua niliahidi kukaa naye mpaka amalize hata sekondari. Mpe kwanza bukari ale, aoge, alale. Usimsumbue kwa maswali. Yaliyotokea nakueleza mimi.

Darasa la sita tumelimaliza, jinsi lilivyoweza kumalizika. Chaki ziliisha kabla ya Pasaka, tukaandika ubaoni kwa muhogo uliokauka, na watoto wenye njaa walikuwa wanaramba vidole. Mshahara hauji. King'ora cha kampuni siku nyingine kinalia, siku nyingine hapana, hata saa ya kuingia shuleni sasa tunakisia. Hata hivyo wamejifunza sehemu, wamejifunza kupima eneo la shamba, na kitenzi cha Kifaransa kimewatoa jasho kama kila mwaka.

Somo la jiografia ndilo lililonishinda. Nikiuliza vituo vya reli, mtoto mmoja anataja Tenke, mwingine Bukama, mwingine Kamina, na kila kituo mmoja wao anajua nani alipita hapo na mdogo wa nani alizikwa hapo. Mwishowe nikaikunja ramani na kuiweka juu ya kabati.

Unakumbuka tulivyopatana, kwamba shuleni aitwe Elise wa Kalumba, kwa jina la baba yetu, watu wasijue kwamba baba yake ni wa Kasai. Tulijiona wenye akili! Watoto wale wamecheza kwenu tangu wakiwa wadogo, na Mukendi ndiye aliyekuwa anawatengenezea baiskeli. Wote walijua. Hakuna hata mmoja aliyesema, si nyumbani kwao, si barabarani. Wakubwa tunawaitaje watoto kama hao? Nimefundisha miaka mingi somo la kumpenda jirani, na sikuwahi kulifundisha hivyo.

Sasa nisikilize. Unaijua desturi yetu ya kufunga mwaka: darasa la sita linasema sura moja ya Maandiko mbele ya wazazi, kila mtoto mstari wake, benchi kwa benchi. Mtoto anasimama, anasema jina lake, halafu mstari. Niliwagawia mwezi wa kwanza. Halafu wakaja kufukuza watu wa Kasai, na mabenchi yakabaki na nafasi wazi. Mkurugenzi aliniambia niwape waliobaki mistari ya walioondoka, sura isikatike mbele ya wageni. Nikaigawa. Kazi ni kazi.

Lakini mazoezi hayakwenda. Wakifika kwenye mstari wa mtoto aliyeondoka, wananyamaza wote, kama wanamngoja aingie mlangoni. Niligomba, nikapiga meza. Bure.

Siku yenyewe ya kufunga mwaka kanisa lilijaa. Benchi la nyuma walikaa vijana wa mtaa, wale wale waliokuwa wanazunguka nyumba kwa nyumba na kutoa watu nje. Watoto wakaanza vizuri. Ikafika zamu ya Kisimba, mtoto wa fundi cherehani, ambaye nilimwongezea mstari wa Nkongolo. Akasema wake, akaketi. Akasimama tena:

« Hii haiko yangu. Ni mustari ya Nkongolo. Yeye haiko hapa. »

Akausema. Baada yake mwingine: « Ni mustari ya Ntumba. Haiko hapa. » Na mwingine. Hawakuambiwa na mtu, Stéphanie, na mimi sikuwa na nguvu ya kuwanyamazisha. Mama mmoja alianza kulia, mkurugenzi alikuwa anafuta miwani isiyo na vumbi.

Halafu akasimama mtoto wako. Nilimtazama sana, nikimwomba kwa macho. Akanyoosha shingo, ile shingo ya baba yake:

« Mi ni Elise wa Mukendi. Niko hapa. »

Akausema mstari wake wote bila kukosea.

Vijana wa nyuma walitoka. Jioni Mama Henriette, mke wa pasta, alinijia jikoni. « Mama Agnès, bale batoto banaume beko banauliza nyumba yako ni ipi. Mutoto aende. » Nilitaka kubisha. Badala yake nikaanza kukunja nguo za Elise. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, lakini mama mkubwa naye ana fungu lake, na usiku ule nililipata.

Kwa hiyo anakuja na treni ya kesho, pamoja na Mama Odile, bibi yake Ntumba. Nilimuuliza kwa nini alisema, na ahadi yetu aliijua. Alikuwa anaosha sahani, hakugeuka. « Mama mukubwa, Nkongolo bamemutaja, na haiko. Mi niko, na jina yangu ya kweli hapana? » Nimekasirika naye, na ninamwonea fahari, na nimechoka. Yote matatu yamekaa pamoja.

Mtafutieni shule, hata ya chini ya mti, hata ya kulipa kwa mahindi. Asiishie hapo. Hilo tu ndilo ninalokuomba.

Msalimie sana shemeji Mukendi, na wadogo wake Elise, na mama mkwe wako. Baba anawasalimu, hajaambiwa bado kwamba mtoto anaondoka. Mungu awatunze njiani na mezani.

Mkurugenzi ameniambia mwakani nitumie sura ile ile, maana darasa la tano wameisikia mpaka wameishika. Nimekataa. Mstari wa Elise sitampa mtu.

Dada yako akupendaye na kukukosa kila siku,

Agnès Kalumba