Kitufe cha Pili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepungua uvimbe, na shemeji amepata nafuu ya kikohozi. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo, ambao tangu nianze kusukuma machela hospitalini hapa haujawahi kunipa likizo. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu wanao huiweka simu sauti ya juu, na haya ni ya masikio yako tu.

Uliniuliza habari za mafunzo ya kompyuta. Tulifundishwa wiki mbili, sisi wote wa kazi za mikono: wasukuma machela, wafagiaji, wapishi na wafua mashuka. Mama mmoja wa kufulia alibonyeza kitufe kama anayekamua shuka, herufi moja ikajaza kioo kizima, naye akamuuliza mwalimu aianike wapi. Tulicheka hadi machozi.

Somo letu wasukumaji lilikuwa jepesi. Jina la mgonjwa likitokea kwenye kioo, pamoja na mahali anapopelekwa, unabonyeza "Nimemchukua". Ukimfikisha, unabonyeza "Amefika", na jina linafutika. Darasani hapakuwa na mgonjwa wa kusukuma, kwa hiyo tulibonyeza kitufe cha kwanza na cha pili papo hapo, na mwalimu akatusifu kwa wepesi. Mimi niliyeishia darasa la tano nikawa wa kwanza. Ile picha niliyokutumia nimeshika cheti, ndiyo hiyo.

Mwenzangu wa zamu ni mzee tunayemwita Taratibu, maana hata kengele ya moto ikilia hakimbii. Husema mgonjwa si gunia la saruji. Ndiye aliyenipokea nilipofika mji huu sina ndugu, akanionyesha jinsi ya kumwinua mtu bila kumuumiza. Amebakiza miezi saba astaafu. Kompyuta inamtisha, kila akitaka kuifungua kwa namba yake, kwanza anaiomba radhi.

Jumanne iliyopita bibi mmoja aliyeumia nyonga alisahauliwa kwenye kiti cha magurudumu, kwenye kona ya stoo ya mashuka alikowekwa na muuguzi angoje msukumaji, tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Alitakiwa kupelekwa kupigwa picha. Kompyuta ilisema amefika, kwa hiyo hakuna aliyemtafuta. Aliona haya kuita watu, akajikojolea, akakaa hivyo hivyo. Binti yake alipokuja saa za kuona wagonjwa ndiye aliyemkuta.

Msimamizi akaangalia kompyuta, akaona namba ya Taratibu. Akamwita mbele yetu sote. Dada, mzee yule hakukana. Alijikuna kichwa, akasema hakumbuki kumwona bibi huyo, lakini kama mashine inasema ni yeye, basi ni yeye, maana umri umekwenda na kichwa hakishiki. Akaenda wodini, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwomba bibi msamaha. Kisha akaambiwa akae nyumbani mpaka uamuzi utoke, na tetesi zikasema atafukuzwa, miaka yake yote iende na maji. Nami nilisimama pale na mashuka mikononi.

Sasa nikuambie ukweli. Ni mimi.

Asubuhi ile Taratibu aliifungua kompyuta kwa namba yake, akaenda kufuata mtungi wa oksijeni. Nikaliona jina la bibi. Kuifunga na kuifungua upya kwa namba yangu hunichukua muda, nikaona uvivu, nikabonyeza hapo hapo. Mkono ukafanya ulivyofundishwa: cha kwanza, cha pili. Kabla sijakishika kiti, nikaitwa langoni, kuna fundi ameanguka kutoka kwenye ngazi. Niliporudi, jina halipo. Kioo kilisema amefika nami nikakiamini, mimi mwenyewe niliyekidanganya.

Nilinyamaza siku nne. Nilijiambia mzee yuko mlangoni kutoka, mimi ndio kwanza naanza, tena mnanitegemea. Lakini kila nikijiambia hivyo, namkumbuka mzee alivyopiga magoti.

Leo asubuhi nimemwambia msimamizi. Hakufoka. Amenipa karatasi, nimeandika yote na kutia sahihi, na nimeambiwa nirudi Jumatatu. Huenda nikafukuzwa, kwa hiyo usiwaahidi watoto lolote kwa jina langu. Kutoka hapo nikaenda nyumbani kwa Taratibu. Mkewe alinizuia mlangoni, akaninong'oneza kwamba tangu Jumanne mumewe anaandika kila kitu kiganjani kwa kalamu: funguo, dawa, jina la mjukuu. Humuuliza mkewe kama yeye mwenyewe ameshakula. Hatoki peke yake, anaogopa kupotea.

Nikaingia, nikapiga magoti, nikamweleza. Akaniambia nirudie polepole. Nikarudia. Nilingoja matusi, lakini aliniuliza jambo moja tu, kama ina maana hajaanza kusahau. Nikamwambia la, hakusahau kitu, wala yeye hakuwahi kumwona bibi yule. Akainuka, akaenda kwenye ndoo, akaosha kiganja kwa sabuni, akakisugua mpaka wino wote ukatoka. Mimi hakunitazama tena, nami sikudai kutazamwa.

Nisalimie shemeji, na wanao mmoja mmoja, na majirani wote wanaoniulizia. Unisamehe kwa barua nzito. Kama utanikasirikia, nikasirikie, ila usininyamazie.

Ni mimi mdogo wako wa mwisho,

Kitinda