Ukuta wa Baba kwa Jua la Asubuhi

Kiponda, Unguja

Kwa mdogo wangu Shee,

Nakusalimu salamu za dada aliyekubeba mgongoni ukamlowesha, kwa hivyo anayo haki ya kukusema. Hujambo? Kifua je, bado unakohoa ukichanganya chokaa? Jifunge kitambaa puani, usijifanye kijana. Na magoti ya wifi yangu Mwanakheri yamepoa? Mimi mzima, alhamdulillahi. Meno yamebaki ya kuhesabika, lakini ulimi uko pale pale, na leo utausikia.

Maisha ya huku ni foleni. Mchele foleni, unga foleni. Nakwenda na ukili wangu wa mkeka, nasuka huku nasogea. Juzi mpaka nafika dirishani nshamaliza shupatu zima. Wajukuu wanakula, wanakua, wanavunja vikombe. Basi, habari ndiyo hiyo. Sasa tuje kwenye barua yako.

Nimeisoma mwenyewe, kwa herufi hizi hizi za Kiarabu za chuoni, maana skuli sikuingia na hasara yake sijaiona. Umeandika: "Dada, picha imefika. Nimeona ukuta. Kuta hata Lamu ziko. Baba alitukimbia, na mtoro hasomewi hitima nyumbani kwangu."

Siku mbili nilikusema peke yangu jikoni. Siku ya tatu nikasema: Shee hana makosa, picha ndiyo mbaya.

Ilikuwa mbaya kweli. Tulikwenda Bububu adhuhuri, mimi na Bwana Mussa, mpiga picha wa mtaani kwetu, ambaye umri wake wote umeishia kwenye picha za pasipoti. Alisimama nje ya lile gofu la jumba alilofanyia kazi baba, uso kwa uso, jua liko utosini, akapiga. Jumba likatoka kama msafiri: macho mbele, masikio yote mawili yaonekane. Zidaka za baba, zinazochungulia kule nyuma, zikawa kama madoa kwenye shuka iliyoanikwa. Ningekuwa wewe, na mimi ningesema ni ukuta tu.

Lakini miaka yote nimekuhadithia alichoniambia marehemu Bi Zuhura, aliyekuwa mpishi wa nyumba ile. Baba aliitwa kutoka kwetu Lamu kuja kuchonga zidaka, vishubaka vya kuwekea vyombo vya kaure, katika chumba cha ndani. Homa ikamkuta kazini. Akazikwa huku kabla hajamaliza, wewe bado uko tumboni, na aliyepewa salamu azilete nyumbani hakufika. Nawe kila mara unanijibu, "Maneno ya vikongwe." Haya. Sasa kikongwe ni mimi.

Nikapanda gari la shamba alfajiri, peke yangu, nikautazame tena ukuta ule kabla sijakujibu. Nimefika, jua ndiyo kwanza linatoka nyuma ya minazi. Paa halipo, na katikati ya ukumbi mpapai umeota mpaka umezaa. Nikavuka mlango wa kwanza, nikavuka wa pili, nikaingia ndani kabisa. Shee, nilishika mdomo. Jua lilikuwa linaingia kwa ubavu, linaupitia ukuta kama mtu anayepangusa meza. Kila kidaka kimejaa kiza chake, kila ua la chokaa lina kivuli chake. Ukuta uliokuwa bapa adhuhuri sasa ungetia mkono mpaka kiwiko.

Nikatia. Pembe ya chini, upande wa kushoto, kidole changu kikatumbukia kwenye kishimo kama cha kokwa ya tende. Nikajaribu kidaka cha pili, kipo. Cha tatu, kipo. Mpaka cha sita.

Unakumbuka mjomba alivyokuwa akikupigia kelele ulipokuwa unajifunza uashi kwake? "Mwiko upo, gumba la nini, mashoto we!" Na mpaka leo kila pembe unayoipiga lipu huimalizii ila kwa gumba la kushoto, likaacha kishimo kama hicho. Nani alikufunza? Mjomba hakukufunza.

Halafu kidaka cha saba, cha mwisho. Hicho hakina maua wala kishimo. Kina mistari tu, imekwaruzwa kwa ncha kali: duara, na ndani ya duara nyota, ikingojea kuchongwa. Kwa jua la adhuhuri usingeiona hata ungeweka pua.

Nikataka kubandua kipande nikuletee. Chokaa ikamong'onyoka mkononi kama unga wa foleni. Nikajua hapa dawa ni picha, na iwe picha ya kweli.

Mara nikasikia gari la mawe linasimama nje. Msimamizi akaingia na watu wake wenye nyundo.

"Bibi, toka humo, tunavunja. Mawe yanatakiwa mjini."

"Ukuta huu mnauvunja lini?"

"Leo."

"Leo hamuuvunji."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya binti wa aliyeujenga."

Wakacheka. Mmoja akauliza, "Bibi, una bunduki?" Nikamwambia, "N'na ulimi. Waulize wa foleni ya mchele Kiponda." Msimamizi akajikuna kichwa, akaniambia wataanza na jiko na choo, lakini kesho ikifika saa tatu hawaachi kitu. Nikamwambia milango yangu asiiguse, na nikashukuru, maana adabu n'nayo.

Bwana Mussa nilimkuta dukani kwake anafuta kamera. "Bi Esha," ananiambia, "mkanda umebakiwa na picha tatu, na mwingine haujulikani utakuja lini." Nikamjibu tatu zinamtosha mtu anayetazama kwanza.

Kesho yake asubuhi tuko Bububu. Amefika mlangoni, anasimama, anaita, "Hodi!"

"Karibu," nikamwambia, "wamekufa wote, ingia."

Akaingia mpaka ukumbini, akagoma tena. Chumba cha ndani ni cha wanawake, anasema, yeye amelelewa. "Mwanamke wa humu leo ni mimi," nikamwambia, "na nakuruhusu." Ndipo nikajua kwa nini ile picha ya kwanza aliipiga nje. Tabia njema ilimzuia, masikini, nami nikadhani uvivu.

Nikamrudisha mlango wa kwanza, chini kabisa, amepiga magoti kwenye majani. Nikamwambia: kwanza uonekane huu mlango tuliosimama, ukingo wake tu, upande mmoja. Baadaye mpapai. Baadaye mlango wa ndani. Mwisho kabisa ukuta. Anayetazama atembee, asibandikwe usoni.

"Lakini Bibi, hapa mbele pana kiza."

"Wewe umepata kusuka mkeka? Ukili mweupe mtupu hauna ua. Ua linatoka ukiupitisha mweusi kando ya mweupe. Kiwache kiza changu."

Akatazama tena kupitia kamera. Kisha akaanza kuwa fundi, na mimi nikawa mwanafunzi. Akaitia kamera kwenye miguu yake mitatu, akalibana jicho la kamera likawa dogo, akanambia hivyo cha karibu na cha mbali vyote vitakuwa wazi, ila pasiwe na mtikiso. Akapiga ya kwanza.

Ya pili nilitaka nikae chini ya zidaka, katikati. Akanikatalia! "Si katikati, Bi Esha. Ukikaa katikati nitakutazama wewe, ukuta nitausahau. Kaa pembeni, uutazame ukuta." Nimekaa kama alivyosema. Utaniona mdogo kama kuku. Hapo ndipo utajua urefu wa ukuta, na baba alikuwa anachonga amesimama juu ya kitu gani, na kwa muda gani.

Ya tatu ilikuwa ya kidaka cha saba. Wingu likaja. Ukuta ukafa papo hapo, mistari haipo. Nje tunasikia nyundo zinakaribia. Bwana Mussa amelala kifudifudi na kamera yake, maana kidaka hicho kiko chini, jasho linamtoka.

"Nipige sasa, Bibi? Tutakikosa."

"Ukipiga sasa utampelekea ndugu yangu shuka ya pili. Ngoja."

Msimamizi akatokea mlangoni. "Saa tatu, Bibi."

"Saa yako inakimbia."

Akatutazama, mimi nimeweka mkono juu ya kidaka, yule mwanamume mzima amelala kifudifudi. Akageuka nyuma, akawaambia watu wake, "Wekeni nyundo kwanza. Vumbi litaingia kwenye picha." Tukasimama wote, wavunjaji na sisi, tunatazama juu kama watu wanaosubiri mwezi wa Ramadhani. Jua likatoka. Mistari ikainuka ukutani, mmoja mmoja. Bwana Mussa akapiga.

Amezisafisha picha mwenyewe, na zote tatu zimo humu. Ukuta wenyewe haupo tena. Ijumaa nilipita, pamebaki mpapai.

Sasa nisikilize, wewe uliyeshika mwiko miaka arubaini. Mimi si mwashi. Lakini wewe unajua fundi akitaka kutoroka anafanya nini: huosha vifaa jioni, akapokea chake, akaenda zake. Mtoro hachori mistari ya kazi ya kesho. Itazame ile duara, iko sawa pande zote. Mkono ulioichora ulikuwa na nia ya kuamka asubuhi urudi pale. Ukiniambia sivyo, niambie kwa sababu ya kifundi, si kwa hasira ya mtoto.

Nisalimie wifi yangu Mwanakheri, mwambie mafuta ya karafuu ya magoti namwekea, nikipata wa kumwamini nitampa alete. Msalimie mwanao mkubwa Bakari, aliyebeba jina la babu yake bila ya kusimuliwa habari zake. Na Bi Mize, jirani aliyetupokea duniani sisi sote wawili na watoto wetu, nibusie mkono wake.

Shaabani inakaribia. Siku ya kusoma hitima ya wazee wetu nataka jina la Fundi Bakari litajwe kwa sauti, la kwanza, na ulitaje wewe.

Usizitazame picha hizi kwa haraka. Kaa barazani asubuhi, anza na ile ya kwanza. Vuka mlango wa karibu, pita kando ya mpapai, vuka mlango wa pili. Ukifika ukutani piga hodi, Shee. Hapo ni kwa baba yako.

Mimi dada yako anayekupenda na hakuogopi,
Esha binti Fundi Bakari