Feni ya Gari la Zahanati

Jumatatu, 6 Februari 1995

Nimeosha gari, nimeongeza maji kwenye rejeta, nimepeleka chanjo vijiji viwili. Kelele ya mbele bado ipo. Wiki iliyopita ilikuwa kama mtu anasaga mtama nyumba ya jirani. Leo anasaga miguuni pangu. Nimefungua boneti nikalitikisa panga la feni. Linacheza. Beringi ya feni imekwisha. Kati ya mapanga na rejeta hapapiti hata kidole. Rejeta ikichanwa, Kanazi nzima haina gari la wagonjwa. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 8 Februari

Nimemwambia tabibu wetu, Bwana Kalisti. Hakukasirika. Aliuliza tu kama gari litafika hospitali ya wilaya. Anamfikiria Skolastika, mke wa mwalimu. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, na mimba hii imebakiza siku chache. Hapa zahanati hawezi kuzaa. Nikajibu sijui. Tangu nijifunze udereva jeshini sijawahi kutoa jibu hilo. Aibu.

Alhamisi, 9 Februari

Fundi amekuja kwa lori kutoka Nyakanazi. Anataka kuitoa feni, gari liende bila feni mpaka ipatikane nyingine. Kava la feni kalitoa vizuri. Nati kubwa ya katikati, ile inayoshika feni kwenye pampu ya maji, imemshinda. Spana zake ni nene, hazipiti nyuma ya mapanga. Akachukua tindo na nyundo, akagonga mpaka kona za nati zikaanza kulika. Akasema kuna spana yake maalumu, iko Mwanza, na akiendelea kugonga atavunja pampu. Kaondoka. Nimekaa garini saa nzima bila kufanya lolote.

Ijumaa, 10 Februari

Mwalimu kaja na mzee mmoja wa kambi ya wakimbizi, Mrundi, anayemlimia shamba kwa kibarua. Jina lake Venansi. Anasema kwao alitengeneza malori ya kahawa.

Sikumtaka. Mwaka jana watu wa kambini walikata mikaratusi yote aliyoniachia baba, wakaenda kupikia. Sijasahau. Nilimwamkia shikamoo kwa ajili ya umri wake tu. Akanisemesha Kirundi, ambacho sisi Wahangaza tunakisikia vizuri, kinafanana na lugha yetu. Nikamjibu kwa Kiswahili, makusudi.

Mkono wake wa kulia haukunjiki. Uliumia njiani wakati wanakimbia. Sasa fundi gani huyu?

Akaniomba niwashe injini kidogo, nizime. Akaangalia mapanga yanazunguka upande gani, kisha alama za tindo kwenye nati.

"Yule fundi wenu alikuwa anakaza," alisema. "Nati hii inafunguka kwa kufuata injini inakozunguka."

Yaani jana kutwa tulikuwa tunaikaza. Nilitaka kucheka. Sikucheka.

Jumamosi, 11 Februari

Spana nyembamba haipo, tunaitengeneza. Stoo ina mlango mbovu wenye bapa la chuma. Nimelikata kwa msumeno. Venansi kapima nati kwa uzi, kachora mdomo wa spana kwa mkaa, kaniachia tupa. Mimi nasugua, yeye anapima. Tangu asubuhi mpaka jioni. Viganja vina malengelenge.

Hanisifu. Akiona nimepotea mstari anagusa chuma kwa kidole, basi. Naanza kumwamini na jambo hilo linaniudhi.

Jumapili, 12 Februari

Baada ya misa, tupa tena. Jioni spana imeingia kwenye nati. Imebana vizuri.

Jumatatu, 13 Februari

Saa nne asubuhi Skolastika kaanza uchungu, mwalimu kamleta zahanati. Kabla ya wakati wake.

Venansi hakuharakisha. Kanifanya niukaze mkanda wa feni, kisha nizungushe mpira wa baiskeli kwenye puli inayozungushwa na mkanda na kuufunga kwenye chuma cha mbele, puli isizunguke. Nikaweka spana. Nyundo mkononi mwangu, maana yeye hawezi kuikamata.

"Usisukume. Piga pigo moja kali, kama unapasua kuni."

Nikapiga mara tatu. Haikucheza. Akasema napiga huku naogopa. Ni kweli. Skolastika alikuwa anaguna chumba cha pili na mimi nilikuwa naiwazia pampu. Nikapumua. Nikapiga tena na nati ikasogea. Kidogo, kama unywele. Baada ya hapo ilifunguka kwa vidole.

Nilipojishtukia nilikuwa namweleza jambo kwa Kihangaza. Sijui nilianza saa ngapi.

Feni nje, kava nje. Hakuweza kuja nasi, kizuizi cha barabarani hakimruhusu bila kibali. Akaniagiza: nisiache injini iungurume gari likiwa limesimama, nifungulie hita ipunguze joto la injini, mshale wa joto ukikaribia nyekundu nizime na kusubiri. Upepo wa mwendo utafanya kazi ya feni.

Kwenye mlima mrefu mshale ulipanda. Nikazima. Skolastika kashika mlango, muuguzi kamshika yeye. Dakika ishirini. Sikugeuka nyuma, ningelia. Mshale ukashuka, tukaendelea.

Saa tisa alipasuliwa. Mtoto wa kike. Wote wazima.

Jumatano, 15 Februari

Nimerudi jana. Mwalimu alitaka kumpa Venansi gunia la maharage, kakataa. Kwangu kaomba kitu kimoja. Kwenye kadi yake ya posho ya kambini wamemwandika mkulima, na hajawahi kuwa mkulima. Anataka jina lake liandikwe kwenye daftari la gari, ninamoandika safari na matengenezo. Na kazi yake.

Bwana Kalisti kaguna. Daftari linakaguliwa na watu wa wilaya, na mkimbizi haruhusiwi kufanya kazi nje ya kambi. Wataniuliza mimi, dereva. Huenda anasema kweli. Nimesema nitalala nikilifikiria jambo hilo.

Alhamisi, 16 Februari

Nimeandika. Feni imetolewa, 13 Februari. Halafu jina lake lote, kanitajia herufi moja moja. Mbele yake neno fundi. Bwana Kalisti katia sahihi chini.

Venansi kasoma. Kaomba kusoma tena, nikamshikia daftari. Kisha kanishukuru, kachukua jembe lake mlangoni, kaenda shambani kwa mwalimu.